Uliza Ujibiwe: Kompyuta ilisema nini, themomita zikasema nini

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba modeli za tabianchi, zile programu za kompyuta za kukadiria joto na mvua za miaka ijayo, zimeshapimwa kwa historia, nikapita zangu kwenda kwenye mambo mengine. Barua zilizokuja baada ya hapo ni rundo, wengine wanauliza kwa upole wengine kwa hasira, na ukweli ni kwamba sentensi ile ilikuwa fupi mno kwa jambo zito kama hili. Nimechagua tano. Ya mzee wa Same nimeipa nafasi kubwa makusudi, mtaona kwanini.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa jiografia, kidato cha tatu. Juzi nafundisha mabadiliko ya tabianchi, mwanafunzi mmoja akasimama akasema, mwalimu, utabiri wa mvua ya kesho wenyewe kuna siku unakosea, sasa hiyo kompyuta inayosema mambo ya mwaka 2100 tutaipimaje na wakati huo wengi wetu hatupo? Darasa zima kimya, wananiangalia mimi. Nikamwambia nitalijibu Jumatatu. Nisaidie kabla Jumatatu haijafika. *Mwalimu, Tabora*

JIBU: Mwalimu salama. Huyo kijana mpe hongera kwanza, maana swali lake ndilo watu wa fani hii wanalojiuliza wenyewe kila siku.

Hatusubiri 2100, tunairudisha kompyuta nyuma. Modeli ni programu kubwa iliyoandikwa kwa kanuni za fizikia, hewa inavyosukumana, maji yanavyogeuka mvuke, mwanga wa jua unavyoingia na joto linavyotoka, bahari inavyojizungusha. Unaianzisha mwaka 1850 halafu unailisha vile tu vinavyoisukuma dunia kutoka nje: hewa ukaa ilikuwa kiasi gani mwaka huu na mwaka ule (kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika milioni, leo imepita 420), jua liling'aa kiasi gani, volkano gani ililipuka lini, moshi wa salfa wa viwanda ulikuwa mwingi kiasi gani, misitu imefyekwa wapi. Joto hulilishi. Hilo liandike ubaoni kwa chaki ya rangi maana ndipo wengi wanapopotea, joto lenyewe kompyuta inatakiwa ilitoe tumboni mwake, mwaka baada ya mwaka mpaka 2014, ambako majaribio ya historia ya kizazi cha modeli kinachoitwa CMIP6 yanaishia. Ukimaliza unachukua mstari wake unaulaza juu ya mstari wa themomita za kweli, unaangalia vinapishana wapi.

Kuhusu mvua ya kesho, mwambie hivi: ukiniuliza kama tarehe 14 Machi mwakani itanyesha Tabora siwezi kukuambia, wala hakuna anayeweza, lakini ukiniuliza kama Julai Tabora kutakuwa kukavu nakujibu hapo hapo bila kufungua kitabu. La kwanza ni hali ya hewa, la pili ni tabianchi. Ndio maana hata kwenye kulinganisha na historia hatutegemei modeli ipige El Nino ya 1997 (El Nino ni Pasifiki inapopata joto kupita kawaida na kuipasha dunia nzima) mwaka 1997. Wanaiendesha modeli moja mara nyingi, kila mara inaanza na tofauti ndogo sana, na kila mara El Nino zinaangukia miaka mingine, kwahiyo unapata kundi la historia ambazo zingeweza kutokea. Dunia yetu ni moja tu kati ya hizo. Tunachouliza ni kama mstari wa kweli unapita ndani ya kundi hilo au umetoka nje kabisa.

Halafu kuna jaribio ambalo mimi nikilieleza kwa watu huwa wananyamaza. Unaendesha modeli zile zile mara mbili, mara ya kwanza unaipa jua na volkano peke yake, kama vile binadamu hakuwahi kuchoma makaa wala mafuta, mara ya pili unaipa kila kitu. Ile ya kwanza inatoa mstari unaoyumba yumba bila kupanda kokote. Ile ya pili inapanda pamoja na themomita. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, ya 2021 iliweka hivi: miaka ya 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto zaidi ya ile ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.09, na mchango wa binadamu kufikia muongo wa 2010 hadi 2019 wakaukadiria kama nyuzi 1.07, wakati jua na volkano kwa pamoja ni kati ya kushusha 0.1 na kupandisha 0.1. Yani karibu joto lote.

Na kama kijana akikubishia kwamba labda ni jua limeongezeka, muulize anga la juu kabisa, lile linaloitwa stratosfia, limepata joto au limepoa. Jua likizidi, juu na chini vyote vingepata joto. Hewa ukaa ikizidi, chini panachemka na juu panapoa, kwa sababu huko juu gesi hiyo hiyo ndiyo inayotupa joto nje. Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliliona hilo kwenye hesabu zao mwaka 1967, kabla setelaiti za kupima joto la anga hazijakuwepo. Vipimo vilipokuja vikaonyesha hivyo hivyo, juu panapoa. Manabe alipewa Nobel ya fizikia 2021 pamoja na Klaus Hasselmann, Mjerumani aliyetengeneza hesabu za kutambua kila chanzo kwa alama yake, kama polisi na alama za vidole.

SWALI: Mhariri mimi sitazunguka. Hawa watu wanatuchezea. Modeli wanazirekebisha mpaka zikubaliane na historia, ukishaona majibu ya mtihani hata mimi nitapata A. Na zikikataa kukubaliana wanageukia data za zamani wanazibadilisha. Nijibu hayo mawili, mambo ya Nobel weka kando. *Msomaji, Likoni, Mombasa*

JIBU: Kaka, nakujibu yote mawili, na la kwanza nakubaliana na wewe nusu.

Ni kweli modeli zinarekebishwa. Kuna vitu vidogo kuliko uwezo wa kompyuta, mawingu hasa, ambavyo haviwezi kupigiwa hesabu kimoja kimoja, kwahiyo wanaweka namba za makadirio na namba hizo wanazisogeza mpaka modeli ikae sawa, na wanaofanya kazi hiyo kila mmoja anachagua kwa namna yake. Kwahiyo modeli ikipatia karne ya 20 baada ya karne ya 20 kwisha, ni ushahidi, ila ushahidi wenye mipaka. Hapo hoja yako ina uzito na mimi siwezi kuipunguza.

Ndio maana mtihani mgumu zaidi ni wa zile zilizosema mapema, kabla majibu hayajatoka. Na hizo zipo. Mtafiti wa tabianchi Zeke Hausfather na wenzake walikusanya makadirio 17 ya modeli zilizochapishwa kati ya 1970 na 2007, wakayaweka mbele ya joto lililopimwa miaka iliyofuata. 10 kati ya 17 yalilingana na vipimo. Halafu wakauliza swali la pili ambalo ni la haki kabisa, je aliyekosea alikosea fizikia au alikosea kukisia binadamu watachoma kiasi gani? Maana mwanafizikia hawezi kujua serikali zitaamua nini. Wakishasahihisha hilo yanakuwa 14 kati ya 17.

Mfano mzuri ni James Hansen, mwanasayansi wa NASA aliyesimama mbele ya Seneti ya Marekani Juni 1988. Alitoa njia tatu, na ile ya kati, ambayo yeye mwenyewe aliiona ndiyo yenye uwezekano mkubwa, ilipandisha joto kama nusu zaidi ya lililokuja kutokea. Amekosea? Ndiyo, namba imekosea, tusimtetee bure. Lakini angalia kosa liko wapi: alikadiria methani nyingi kuliko iliyokuja, na zile gesi za majokofu alizipandisha bila kujua kwamba Mkataba wa Montreal wa 1987 ungezibana hivyo. Ukiipa hesabu yake gesi zilizotoka kweli, inakaribiana na vipimo.

Na Pinatubo. Mlima ule kule Ufilipino ulilipuka Juni 1991 ukarusha angani tani kama milioni 15 mpaka 20 za gesi ya salfa. Kikundi cha Hansen kilikaa, kikaendesha modeli, kikachapisha mwanzoni mwa 1992 kwamba dunia itapoa kama nusu nyuzi kisha itarudi. Ikapoa kama nusu nyuzi kisha ikarudi. Na kitu ninachokipenda zaidi hapo ni mvuke: modeli zilisema hewa ikipoa mvuke nao utapungua na kuongeza kupoa huko, setelaiti zikaja kuonyesha mvuke umepungua kwa kiasi kile kile. Hapo hakuna aliyekuwa na majibu ya mtihani mfukoni.

La pili, data. Data zinarekebishwa, ndiyo, na sababu kubwa kuliko zote ni ndoo. Wewe ni mtu wa pwani utanielewa upesi. Zamani joto la bahari lilipimwa na mabaharia kwa kuteka maji na ndoo na kuchovya themomita, kwanza ndoo za mbao, baadaye za turubai. Ya turubai ikining'inia kwenye upepo inapoteza maji kwa kuvukiza na maji yanapoa kabla hata themomita haijaingia, kama mtungi unavyopoza maji nyumbani. Baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, ambayo yako juu kidogo kwa sababu ya joto la chumba cha injini, na siku hizi kuna maboya. Sasa mtu akiunganisha ndoo na injini bila kusahihisha, atasema bahari imepata joto hata mahali haijapata! Ukisahihisha ndoo, bahari ya zamani inapanda kidogo, kwahiyo ongezeko la joto la dunia tangu karne ya 19 linakuwa dogo kuliko ungetumia namba zilivyoandikwa. Nchi kavu kuna sehemu marekebisho yanaongeza kidogo, lakini bahari ndiyo kubwa, na jumla yake inapunguza. Mtu anayetaka kututisha asingesahihisha upande huo.

Tena kuna wakati ubishi wa modeli na vipimo uliisha kwa vipimo kuonekana vina kosa. Miaka ya 1990 joto la anga lililosomwa na setelaiti lilionyesha dunia haipati joto kabisa na wengi wakasema modeli zimekufa. 1998 ikagundulika kwamba setelaiti zilikuwa zinashuka pole pole na kushuka huko kunapotosha usomaji, na 2005 likapatikana kosa jingine, saa ya setelaiti kupita juu ya sehemu ilikuwa inateleza na sahihisho lake lilikuwa limewekwa kinyume. Haikuishia hapo kwa ushindi wa upande mmoja, mpaka leo anga la kati la ukanda wa tropiki kwenye modeli nyingi linapata joto haraka kuliko setelaiti zinavyosema, na hilo bado ni tofauti ya kweli.

SWALI: Asalaam aleikum. Kuna jamaa hapa kazini kila siku ananiambia joto lilisimama 1998 mpaka 2012 na modeli hazikuona. Kweli au uongo? *Msomaji, Muscat*

JIBU: Waaleikum salaam. Ana nusu ya habari. Kwa miaka ile 15 joto la uso wa dunia lilipanda kama nyuzi 0.05 kwa muongo kwenye vipimo vilivyotumika wakati ule, wakati wastani wa modeli ulikuwa 0.21, na IPCC yenyewe iliandika kwamba majaribio 111 kati ya 114 yalipanda kuliko hali halisi. Hakuna aliyeficha. Sababu zilizopatikana ni kadhaa zikichangiana: 1998 ilikuwa El Nino kubwa kwahiyo ukianzia hapo unaanzia kileleni, upepo wa Pasifiki ukazidi nguvu ukazamisha joto baharini, jua lilikuwa kwenye kipindi chake dhaifu, na vipimo vilikuwa na pengo Aktiki, kule ncha ya kaskazini, sehemu inayopata joto haraka kuliko zote. Halafu mwambie jamaa aendelee kuhesabu baada ya 2012. 2015 na 2016 zilivunja rekodi, 2023 ikavunja, na 2024 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliikadiria nyuzi 1.55 juu ya kabla ya viwanda.

Ila akitaka hoja ya kweli dhidi ya modeli, mpe hii: kwenye CMIP6 ziko kadhaa zilizo moto kupita kiasi, zinasema hewa ukaa ikiongezeka mara mbili joto litapanda zaidi ya nyuzi 5. Zilipowekwa mbele ya historia, nyingi ya hizo zilipandisha joto la miongo ya karibuni kuliko lilivyopanda. IPCC haikuchukua wastani wao kibubusa, ilitumia vipimo na ushahidi mwingine ikafikia kati ya nyuzi 2.5 na 4, katikati 3. Hiyo ndiyo kazi ya kulinganisha.

SWALI: Mimi ni mkulima, nina miaka 61, nalima mahindi na maharage huku Same. Nimesikia redioni mtaalamu anasema kompyuta zinaonyesha Afrika Mashariki mvua itaongezeka. Mimi masika niliyoyajua kwa baba yangu sio haya. Yanachelewa, yanakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Ndiva ya ukoo, bwawa letu la maji ya kumwagilia tuliyokuwa tunajaza kwa zamu, siku hizi kuna miaka inakauka. Sasa mwongo nani, mimi au kompyuta? *Mkulima, Same*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nakuambia mapema kabisa, wewe sio mwongo. Vipimo viko upande wako.

Ukichukua rekodi za mvua za Kenya, kaskazini ya Tanzania, Somalia na kusini mwa Ethiopia, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mpaka karibu 2010 masika yalipungua. Na namna yalivyopungua ni vile vile unavyoeleza wewe, waliochambua siku kwa siku waliona msimu umefupika, unaanza kuchelewa na unaisha mapema, kuliko kwamba mvua ya siku moja imekuwa nyepesi. Wewe umeyaona kwenye mbelewele, wao wameyaona kwenye grafu.

Sasa ukizirudisha modeli nyuma kipindi hicho hicho, nyingi hazitoi upungufu huo, na ukizipeleka mbele zinatoa mvua zaidi. Wataalamu wenyewe wamelipa jina, kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Kimetegwa miaka mingi na mpaka leo hakuna aliyekitegua akamaliza, ila vipande vimepatikana na mimi naona ni haki yako kuvijua vyote.

Kipande cha kwanza kiko mbali sana, bahari ya Pasifiki. Maji ya upande wa Indonesia yamepata joto sana wakati yale ya upande wa Amerika ya Kusini, kwa miongo kadhaa tangu 1980 hivi, yamekaa pale pale au yamepoa. Hewa inapanda kwa nguvu kule Indonesia kwenye maji moto, na hewa iliyopanda lazima ishuke mahali, na sehemu moja inaposhukia ni juu yetu. Hewa inayoshuka inabana mawingu. Modeli nyingi zinatoa picha ya kinyume, upande wa Amerika unapata joto zaidi, kama El Nino, na El Nino kwetu inaleta mvua. Kwahiyo modeli ikikosea bahari ile, inakosea shamba lako. Kama bahari inayumba tu kwa asili yake na itageuka, au modeli zina kasoro ya msingi, au moshi wa viwanda umechangia, hapo ndipo wataalamu wanapogombana.

Kipande cha pili kiko hapa nyumbani. Hata bila kuzungumza mabadiliko, modeli nyingi za dunia zinakosea misimu yetu ya kawaida: vuli wanaipa mvua nyingi kupita kiasi, masika wanayapa kidogo, wakati sehemu kubwa ya ukanda wetu masika ndiyo mvua kubwa. Chanzo kimoja ni kwamba Bahari ya Hindi kwenye kompyuta haikai na joto lake mahali pake. Sasa modeli ambayo haijui kwamba masika ni makubwa kuliko vuli, ikiniambia mvua ya mwaka itaongezeka, mimi nauliza, ya msimu gani? Mara nyingi ongezeko kubwa linatoka vuli. Mtaalamu wa redioni akisema mvua itaongezeka bila kutaja msimu, amekunyima neno ulilolihitaji kuliko yote. Hili huwa linaniuma kweli.

Na cha tatu ni ukubwa wa viboksi. Kompyuta inaigawa dunia viboksi viboksi, na kwenye modeli nyingi za dunia nzima kiboksi kimoja kina upana wa kama kilomita 100. Kilimanjaro yenye mita 5,895 ikisambazwa ndani ya kiboksi hicho inabaki kilima. Milima ya Upare, upande unaopokea upepo wa bahari wenye migomba na upande wa tambarare wenye mikonge na vumbi, vyote vinakuwa kitu kimoja chenye mvua moja ya wastani. Wewe unajua kwamba kutoka mlimani mpaka barabarani ni nchi mbili tofauti, kompyuta haijui. Huko kaskazini ya Kenya vile vile, kuna bonde kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, pale Turkana, upepo unapita kama kwenye mrija ukihamisha unyevu kuupeleka bara, na modeli zenye viboksi vikubwa zinaufukia mrija huo. Ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza na wenzao waliendesha modeli ya Afrika nzima yenye viboksi vya kilomita 4.5, ambayo radi na dhoruba zinajitokeza zenyewe bila kukadiriwa, na ikaonyesha jambo ambalo nadhani wewe umeanza kulionja: mvua kali inazidi kuwa kali, na siku kavu katikati ya msimu nazo zinaongezeka.

Halafu tangu miaka ya 2010 mambo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Masika ya 2018 yalikuwa makubwa, 2020 Ziwa Victoria likafika kina cha rekodi, 2024 Rufiji ilifurika na Nairobi watu wakapoteza maisha. Katikati hapo 2022 masika ya Pembe ya Afrika yalikuwa kati ya makavu kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa, ndani ya ukame wa misimu mitano mfululizo. Kwahiyo anayekuambia masika yanapungua moja kwa moja naye anakatisha hadithi njiani.

Ungeniuliza nifanye nini ningekuambia hivi. Namba za mvua za 2050 usizipangie shamba. Kinachokubaliana kwenye modeli na kwenye vipimo ni joto, linapanda, na joto likipanda udongo unakauka haraka hata mvua ikiwa ile ile, kwahiyo mbegu za muda mfupi na matandazo shambani havina hasara kwako mvua ikiongezeka wala ikipungua. Utabiri wa msimu wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) na ule wa ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda yetu, ufuatilie, na ujue kwamba wa vuli unaaminika zaidi, kwa sababu vuli inafuata sana Bahari ya Hindi na El Nino, mambo ambayo yanaonekana miezi kadhaa kabla, kama vuli ya 2019 ilivyofuata bahari yetu ilipopata joto upande wa magharibi. Masika ni magumu kutabiri, hata kwa wataalamu bora. Na ndiva mzee, msiiache. Mvua inayokuja kwa kishindo siku tatu kisha inakatika wiki mbili, kitu cha kuikamata ni ndiva, na wazee wenu waliijenga bila kusubiri kompyuta. Kama tope limejaa, zoeni msimu wa kiangazi kabla ya vuli.

SWALI: Nasoma mwaka wa pili chuo hapa Dodoma, nataka mradi wangu uwe wa kulinganisha modeli na mvua na joto la mkoa wetu. Data napata wapi na makosa gani niyaepuke? *Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Mdogo wangu, data nyingi ni bure. Matokeo ya CMIP6 yako wazi mtandaoni. Joto la dunia tumia HadCRUT inayoanzia 1850 au GISTEMP ya NASA inayoanzia 1880, mvua tumia CHIRPS, inachanganya setelaiti na vituo kuanzia 1981, na ERA5 ya Ulaya inaanzia 1940. Halafu nenda TMA uombe za vituo, maana nyingi kati ya seti hizo za vipimo zinategemea vituo na kwetu vituo ni vichache, sehemu nyingine seti mbili za mvua zinabishana zenyewe kabla hata hujaleta modeli.

Makosa ninayoyaona sana: mtu anachukua kituo kimoja anakilinganisha na kiboksi cha kilomita 100, hapo umelinganisha kikombe na pipa. Anachukua jaribio moja la modeli moja anasema modeli zimekosea. Anachagua mwaka wa kuanzia unaompa jibu analolitaka, jaribu kuanzia miaka tofauti uone kama jibu lako linabaki. Na Dodoma, wewe una msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba mpaka Aprili, usikate mwaka Januari mpaka Desemba utaupasua msimu katikati.

Jambo la mwisho, na hili naliomba kwa wasomaji wote. Niliwahi kuonyeshwa kabati kwenye ofisi moja, limejaa madaftari ya mvua ya miaka mingi, kalamu ya wino, mwandiko mzuri, na mchwa wamekula nusu. Nilitoka pale nimenyong'onyea kabisa. Kila ukurasa ule ni kipimo ambacho hakuna setelaiti itakayokirudisha. Kama shule yako, misheni, shamba la mkonge au babu yako ana daftari la mvua, piga picha kila ukurasa leo, hata kwa simu, pamoja na jalada lenye jina la mahali. Na kama kwenu kuna kipima mvua kinachofanya kazi, soma saa tatu asubuhi kila siku, na siku isiyonyesha andika sifuri. Usiache wazi. Nafasi iliyo wazi, mtu atakayelisoma daftari miaka 50 ijayo hatajua kama mvua haikunyesha au wewe ulikuwa unaumwa.